Namna ya Kusoma Riwaya ya Siri za Dini Ukiwa Ufipa

Tafuta blanketi kwanza. Sumbawanga iko juu, karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na Juni ikishaingia upepo wa Ufipa unapita hata kwenye tundu la kitasa. Riwaya ya kusisimua hailambwi kidogo kidogo kama asali. Ukishaianza utakesha nayo, na mtu anayetetemeka hawezi kufuatilia nani kamuua nani. Andaa chupa ya chai, viazi vitamu vya kuchemsha na taa ya akiba, maana umeme ukikatika wakati mtu amefungiwa ndani ya jumba la makumbusho huko Paris, utamuwaza mpaka kunakucha. Jiko la mkaa liache uani. Mkaa ulioiva hautoi moshi unaoonekana, lakini hewa yake imeua watu waliojifungia nalo chumbani, na hilo si hadithi.

Nazungumzia riwaya za aina moja: zile zinazochukua historia kidogo, dini kidogo na uongo mwingi mtamu, zikavisokota vyote kamba moja mpaka msomaji hajui uzi upi ni upi. Inayojulikana kuliko zote ni The Da Vinci Code ya Mmarekani Dan Brown, iliyotoka mwaka 2003 na kufanywa filamu mwaka 2006. Nakala yangu niliinunua Dar es Salaam, kwa wauza vitabu vya mitumba wanaotandaza mali yao kando ya barabara; jalada limekunjika, jina la mwenyewe wa zamani limefutwa kwa wino. Niliifungua ndani ya basi tulipotoka Tunduma. Kufika Laela nilikuwa sioni tena mashamba ya mahindi dirishani. Mama mmoja niliyekaa naye, kapakata tenga la kuku, aliniinamia akaniuliza, "Mwanangu, umepata habari ya msiba?" Nikamwambia hapana mama, ni kitabu tu. Akanitazama kwa huruma ileile.

Basi kanuni ni hii: mara ya kwanza soma kwa pupa. Usijitie ukali wa mhakiki. Riwaya ya namna hii imetengenezwa ikimbie, na ukiisimamisha kila ukurasa kuihoji, unamnyima mwandishi haki yake na wewe unajinyima utamu. Angalia jinsi inavyokushika. Sura ni fupi, kurasa mbili tatu, na kila moja inakatwa pale mlango unapogongwa. Bibi zetu waliijua mbinu hii kabla ya Dan Brown kuzaliwa. Bibi alikuwa anafika mahali zimwi linanyosha mkono, halafu anasema moto unazimika, nani ataleta kuni? Mlitoka mbio gizani, mkarudi mbio, na hakuna aliyewahi kusema hataki kuendelea.

Wala msomaji wa Kiswahili si mgeni katika shamba hili. Elvis Musiba alimleta mpelelezi Willy Gamba katika Kufa na Kupona mwaka 1974, na kuna kizazi kizima kilichomsoma Gamba darasani kikiwa kimemfunika kwa daftari la jiografia. Ben Mtobwa akamleta Joram Kiango. Kabla yao wote alikuwapo Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, na kwa habari yetu ya leo yeye ndiye baba. Mswada wake Mzimu wa Watu wa Kale ulishinda shindano la uandishi la mwaka 1957 na 1958 lililoendeshwa na East African Literature Bureau, ukachapwa kitabu mwaka 1960. Maiti inakutwa mahali ambapo watu huenda kutambika. Wote wanaogopa mzimu. Anakuja Bwana Msa na kiko chake, anauliza maswali, anatazama anachokitazama, na hofu ya watu anaiheshimu bila kuifanya ushahidi. Dini ya mababu, historia ya kisiwa na uongo wa mtunzi vimo ndani ya kitabu chembamba unachoweza kukimaliza kwa siku mbili. Kama hujawahi kusoma riwaya ya aina hii, anzia hapo, ndipo uende Paris.

Ukishamaliza kwa pupa, lala. Kesho yake chukua penseli urudi ukurasa wa kwanza. Hapa ndipo raha ya pili inapoanza, na kwangu mimi ndiyo kubwa zaidi.

Penseli yangu inaandika herufi tatu pembeni mwa ukurasa. K ni karatasi: jambo ambalo lina hati, kaburi, jengo, au mtu aliyeliandika akiwa hai wakati wake. I ni imani: jambo ambalo watu wanalishika kwa moyo na hawakungoja hati. T ni tungo: mwandishi kalipika mwenyewe jikoni kwake. Herufi hizi hazishindani. T si tusi na I si upungufu. Shida huanza pale herufi moja inapovaa nguo za mwenzake.

Dan Brown anakupa zoezi mapema mno. Kabla hadithi haijaanza kuna ukurasa unaotangaza kwamba mambo fulani ni ya kweli, likiwamo kundi la siri linaloitwa Prieuré de Sion, ambalo anasema lilianzishwa mwaka 1099. Wengi walipofika hapo waliweka K kubwa wakaendelea. Iweke T. Kundi lenye jina hilo liliandikishwa nchini Ufaransa mwaka 1956 na bwana mmoja, Pierre Plantard, na hati zilizodai kwamba ni la kale zilipenyezwa katika maktaba ya taifa ya Paris katika miaka ya 1960. Mtu alitunga, akazificha tungo zake mahali ambapo watu hutafuta karatasi, akangoja zipatikane. Mimi nilipoyajua hayo sikuona kwamba kitabu kimeharibika. Niliona riwaya ya pili imejificha ndani ya ya kwanza. Na kuna ya tatu: mwaka 2006 waandishi wawili wa kitabu cha mwaka 1982, The Holy Blood and the Holy Grail, ambacho kilisimulia mengi ya hayo kama historia, walikwenda mahakamani London wakidai Brown kawachukulia kazi yao. Walishindwa.

Ukifika penye Mtaguso wa Nikea, penseli ifanye kazi polepole. Mtaguso ni K isiyo na shaka: mwaka 325, mfalme Konstantino aliwaita maaskofu katika mji ambao leo uko Uturuki. Walibishana juu ya mafundisho ya padre Ario kuhusu Kristo na Baba, wakatoa kanuni ya imani ambayo chimbuko lake tunaungama kila Jumapili. Lakini ile picha ya maaskofu kukaa Nikea wakichagua vitabu gani viingie katika Biblia haimo katika kumbukumbu za mtaguso huo. Orodha ya vitabu 27 vya Agano Jipya kama tunavyovihesabu leo tunaikuta katika barua ya Athanasi wa Aleksandria ya mwaka 367. Unaona mtunzi anavyofanya? Anachukua jengo la kweli, anaingiza ndani mkutano wake mwenyewe.

Sasa, usisome peke yako. Hilo ni sharti, na kwa Ufipa ni sharti rahisi kwa sababu watu hapa bado wanakaa na kusikilizana. Mimi niliipeleka riwaya yangu kwa baba mdogo, katekista wa miaka mingi katika kigango kimoja cha jimbo la Sumbawanga. Nilimkuta uani anakaza nati za plau, mikono imejaa grisi, maksai wawili wamefungwa kwenye mti wanacheua.

"Tumsifu Yesu Kristo, baba mdogo."

"Milele, amina. Umekuja na kitabu kikubwa hivyo, unakwenda kusomea upadre?"

Nikamwambia kwa uwoga kidogo kwamba humu wameandika Maria Magdalena alikuwa mke wa Yesu, na kwamba Kanisa limeficha. Nilidhani atanifukuza. Aliweka spana chini, akajifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Aliyeandika alikuwepo?"

"Hapana."

"Alimwuliza aliyekuwepo?"

"Hapana, baba mdogo."

"Basi kasimulia. Ngoja nikuoneshe waliosema wao wanajua nini."

Akaingia ndani akatoka na Biblia yenye jalada la plastiki, akanionesha katika Injili zote nne: Maria Magdalena yupo kaburini alfajiri. Akasema huyu mama ana sikukuu yake, tarehe 22 Julai, na si kahaba kama watu wanavyopenda kusema. Baadaye nilikuja kuyasoma yaliyo nyuma ya maneno yake. Papa Gregori Mkuu, katika mahubiri yake ya mwaka 591, ndiye aliyewachanganya Maria Magdalena, Maria wa Bethania na yule mwanamke mkosefu wakawa mtu mmoja. Kanisa Katoliki likawatenganisha katika kalenda yake mwaka 1969. Na mwaka 2016 Papa Fransisko akaipandisha kumbukumbu yake kuwa sikukuu kamili. Kwa hiyo lipo kweli jambo ambalo mama huyu alitendewa na historia, nalo ni K tupu: aliitwa kahaba kwa karne nyingi bila hati. Riwaya iliponitajia siri ya uongo, ilinipeleka kwa dhuluma ya kweli. Ndiyo faida ya vitabu hivi, na ndiyo sababu siwaungi mkono wanaotaka vifungiwe.

Baba mdogo hasomi Kiingereza. Jioni ile aliniomba nimsimulie. Nikamsimulia kwa jioni tatu, yeye akikoleza moto na mama mdogo akileta ugali na migebuka. Jioni ya nne sikwenda, nilikuwa na kazi mjini. Asubuhi akanipigia simu kabla hajasema hata habari za kulala. "Huyo anayewatuma, huyo wanayemwita Mwalimu, ni nani?" Imani yake haikupungua kwa sentimita moja. Alikuwa anataka kujua nani muuaji.

Kuna mahali pamoja, hata hivyo, ambapo naomba ufunge kitabu kidogo, uvute pumzi. Muuaji anayekimbizana na watu katika riwaya ile ni mtawa mwenye ualbino. Mwandishi amempa ngozi hiyo ili umwogope haraka. Huko Marekani watu wenye ualbino walilalamika filamu ilipotoka, na walikuwa na haki. Kwetu jambo hili ni zito zaidi. Sisi ni nchi ambayo tangu katikati ya miaka ya 2000 watu wenye ualbino wamewindwa, wakauawa na kukatwa viungo, kwa sababu mtu fulani aliwasimulia wengine kwamba miili yao ina utajiri. Mkoa wetu wa Rukwa haukusalimika. Ile nayo ilikuwa T, tungo ya waganga na wanunuzi wao, ikavishwa I, na waliolipa ni watoto na akina mama waliokuwa wamelala majumbani mwao. Mtu mwenye ualbino katika nchi hii ni Al-Shaymaa Kwegyir, aliyeteuliwa kuwa mbunge mwaka 2008. Ni Salum Barwany, ambaye watu wa Lindi Mjini walimchagua kwa kura mwaka 2010. Ni mwalimu, mwanafunzi na mama muuza nyanya anayevaa kofia pana kwa sababu jua linamuumiza ngozi, na ambaye kwa kuwa macho yake hayaoni mbali hawezi kabisa kuwa yule mlenga shabaha wa usiku tuliyeambiwa. Mwambie hivyo kijana unayesoma naye. Mwambie hapohapo, usingoje sura iishe.

Baada ya hapo utakuwa tayari kwa sehemu inayonifanya niandike mwongozo huu wote. Toka nje na penseli yako uitazame Ufipa.

Anza na Milanzi. Leo ni kata ndani ya Manispaa ya Sumbawanga, na watu wanapita wakielekea shambani. Katika masimulizi ya Wafipa ndipo ulipokuwa ufalme wa kwanza, Milansi, wa mtu aliyeshuka kutoka juu, Ntatakwa. Siku moja, wanasema, mfalme alikwenda kuwinda, akabaki mkewe. Wakaja wageni, wanawake watatu kutoka mbali. Mgeni hapokewi amesimama. Mmoja wao akakaa juu ya kigoda cha mfalme. Mfalme aliporudi akakuta nchi imeshaketiwa. Kutoka kwa wanawake wale ukatoka ukoo wa Twa, ambao si ndugu wa Watwa wa misituni, na nchi ikaja kugawanyika kuwa Nkansi na Lyangalile. Milansi ikabaki na mlima wake mtakatifu wa Itweelele na heshima ya ibada ambayo wafalme wapya hawakuweza kuichukua. Wasimulizi hutofautiana katika mengi, lakini kigoda hakikosekani.

Niliweka nini pembeni? Nilisimama na penseli mkononi nikashindwa. Roy Willis, mwanaanthropolojia Mwingereza aliyekaa Ufipa mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliandika kitabu kizima juu ya hadithi hii, kikatoka mwaka 1981, akiitafuta historia ndani ya simulizi. Kuna uwezekano mkubwa kwamba ndani yake mna kumbukumbu ya watu walioingia kutoka kaskazini wakatwaa utawala. Lakini mzee aliyenisimulia hakuwa akinipa makala ya historia. Alikuwa akinifundisha kwa nini mwenye nguvu na mwenye baraka si lazima awe mtu mmoja. Nimeandika I na K pamoja, nikazifunga duara.

Kisha nenda ukayaone malungu. Ni matanuru ya kuyeyushia chuma, marefu kuliko mtu, mengine yanafika mita tatu, yaliyojengwa kwa udongo na bado yamesimama hapa na pale juu ya uwanda, mengine yameota majani kichwani. Chini yana matundu pande zote. Fundi wa Kifipa hakuhitaji mivukuto kwa hatua ya kwanza. Aliacha hewa ivutwe yenyewe kupitia matundu yale, moto ukawaka mpaka mawe yakatoa chuma, ndipo kikasafishwa upya katika tanuru dogo lililoitwa kintengwe, ambalo lenyewe lilivukutwa. Bwana wa tanuru alikuwa na mfuko wa dawa, ntangala, na vingine vya ndani vilifukiwa chini ya tanuru kabla halijawashwa. Tanuru lilitendewa kama bibi harusi. Mafundi walijitenga na wake zao mpaka kazi iishe. Kemia, ndoa na sala vilikuwa kazi moja, na siri yake ilirithishwa kwa mdomo. Unatafuta kundi la siri lenye alama na miiko? Hili lilikuwapo, lilitoa majembe, na ushahidi wake ni udongo unaoweza kuugusa kwa kiganja.

Ukiteremka hadi ziwani, Tanganyika inakusubiri na wanajeshi wa Papa. Sitanii. Mwaka 1879 watu wa Chama cha Kimataifa cha Afrika cha mfalme Leopold wa Ubelgiji walijenga ngome Karema, na mwaka 1885 wakaikabidhi kwa Mapadre Weupe, shirika lililoanzishwa Algiers mwaka 1868 na Lavigerie, aliyekuja kuwa kardinali. Lavigerie aliota ufalme wa Kikristo katikati ya Afrika, utakaolinda watu dhidi ya wakamata watumwa, na akatafuta askari wa zamani waliowahi kumpigania Papa. Mmoja wao, Léopold Joubert, Mfaransa aliyekuwa katika kikosi cha Papa huko Roma, alijenga makazi yake upande wa pili wa ziwa, Mpala na baadaye karibu na Moba, akapigana, akaoa huko, akazeeka huko, akafa huko mwaka 1927. Sijaona riwaya ya Kiswahili juu yake. Kuna ngome, kuna kiapo, kuna ziwa lenye dhoruba, kuna swali gumu la kama mtu anaweza kuleta dini kwa bunduki na abaki mtakatifu. Mtunzi angeongeza nini hapo zaidi ya sura fupi?

Na Kalambo, ambako maji yanaanguka zaidi ya mita 200 mpakani na Zambia: mwaka 2023 wataalamu walitangaza kwamba karibu na maporomoko hayo, upande wa Zambia, wamekuta magogo mawili yaliyochongwa na kuunganishwa kwa mkono, ya miaka isiyopungua 476,000. Ni kabla ya kuwapo watu wa aina yetu. Weka K, halafu kaa kimya kidogo.

Lakini rudi mjini, kwa sababu kazi ya mwisho ya penseli ni ngumu. Jina Sumbawanga hufasiriwa kuwa tupa uchawi, yaani ingia ukiwa umeuacha nje. Nchi nzima imelichukua jina hilo ikaligeuza. Nimekaa katika mabasi na ofisi nikasikia watu wazima, wasomi, wakisema nisiguswe mimi natoka Sumbawanga, kisha wanacheka, kisha wanasogea kidogo kweli. Wanasimulia radi za kutumwa kama mtu anayesoma taarifa ya hali ya hewa. Huku ndiko kuweka K mahali pa T, na si mchezo. Katika nchi yetu vikongwe wameuawa kwa sababu macho yao yalikuwa mekundu, na macho yao yalikuwa mekundu kwa sababu wamepika kwa kuni maisha yao yote. Tuna Sheria ya Uchawi tangu mwaka 1928 inayomtia hatiani hata anayemnyooshea mwenzake kidole kuwa ni mchawi, na bado bibi mmoja akifiwa na mjukuu hulala amefunga mlango kwa gogo. Msomaji aliyezoea kuuliza juu ya Prieuré de Sion ana wajibu wa kuuliza swali lilelile la baba mdogo barazani kwake: aliyesema alikuwepo?

Nina mtu wa kukutajia kabla sijakuacha, maana naona jina lake linapitwa kila siku. Katika miaka ya 1860, karibu na Timbuktu, alizaliwa mtoto ambaye aliibwa, akauzwa, akavushwa jangwa la Sahara, na huko Algeria akakombolewa na Mapadre Weupe. Walimpeleka Malta, akasomea utabibu. Mwaka 1889 alifika Karema, akiwa tabibu na katekista, Mwafrika aliyevuka bara zima kwa njia ambayo hakuna aliyeichagua. Akatibu watu wa ziwa na wa uwanda kwa zaidi ya miaka 60, mpaka alipofariki mwaka 1956. Maisha yake aliyasimulia mwenyewe, yakachapwa katika jarida la Tanganyika Notes and Records mwaka 1946. Ni Adrian Atiman. Kila tukio nililolitaja nimeliwekea K, na bado nikiyasoma naangalia mlango.

Kijana wa Sumbawanga unayesoma haya, mwenye daftari na bibi aliye hai, usingoje Mmarekani aje kuandika Karema. Nenda kwa bibi wiki hii, mwulize habari ya kigoda, andika na jina la aliyemsimulia yeye. Ukianza kutunga, tunga kwa nguvu zako zote, utukeshe, ila mwishoni mwa kitabu tuwekee ukurasa mmoja wa kweli unaotuambia ulichokikuta na ulichokipika. Na kama hujui uanzie wapi, hospitali yenye jina la Dk. Atiman ipo hapahapa mjini.